MTU ALIYELINUNUA JINA LAKE MWENYEWE
Maisha ya William Ludwig na Ngoma Zake za Metali

Ndugu Mhariri ameniandikia akitaka nitoe makala kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, akaniachia hiari ya kuchagua habari. Kwanza nilifikiri niandike juu ya michezo, au juu ya walimu wetu waliotangulia mbele ya haki, lakini habari hizo wenzangu wamekwisha kuziandika vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Basi nimeona niandike juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu alikisikia kila siku ya gwaride, na pengine hakukitazama hata mara moja: ngoma ndogo ya bendi, ile yenye nyaya upande wa chini, ambayo wapigaji huiita snea.

Sababu yenyewe ni hii. Katika mkutano wetu uliopita tulifunguliwa stoo ya vyombo vya bendi, tukakuta ngoma mbili za metali zimejaa vumbi, ngozi zimepasuka, na jina la mtengenezaji halisomeki tena. Mjumbe mmoja alipendekeza ziuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na fedha itiwe katika mfuko wa kununulia ngoma mpya. Hoja ile haikuamuliwa, na mwaka huu itarudi mbele yetu. Mimi nilipiga mojawapo ya ngoma hizo kwa miaka minne, kwa hiyo nina upande katika shauri hili, wala sifichi. Lakini badala ya kubishana nitawasimulieni maisha ya mtu mmoja, ili msomaji ajue ngoma ya namna ile ilifikaje kuwa vile ilivyo. Akisha kujua, na aamue mwenyewe.

William Frederick Ludwig alizaliwa mwaka 1879 katika kijiji cha Nenderoth, nchini Ujerumani. Mwaka 1887 jamaa yake walihamia Marekani, wakafanya makazi yao katika mji wa Chicago. Kijana huyu alipenda ngoma tangu utoto, na alipopata nguvu za kujitegemea akaifanya kuwa kazi. Alipiga katika sarakasi zilizokuwa zikihama mji hata mji, akapiga katika kumbi za maonyesho, na baadaye katika okestra. Nataka msomaji alikumbuke jambo hili mpaka mwisho: kabla hajawa mtengenezaji wa ngoma, alikuwa mpigaji wa ngoma. Kila alichokuja kukibadilisha kilikuwa kimekwisha kumsumbua mikono na miguu yake mwenyewe.

Ngoma ndogo ya siku zile ilikuwa na mzinga wa mbao. Mbao nyembamba ilikunjwa ikawa duara, na juu na chini zikawambwa ngozi za ndama, nazo zikashikwa kwa pete za mbao. Nyingine zilikazwa kwa kamba, nyingine kwa skrubu. Ngozi ya ndama ni kitu chenye tabia ngumu. Hewa ikiwa na unyevu hulegea, ikikauka hukaza; na mbao nayo ina mambo yake, huvimba na kupinda. Mpigaji aliyekaza ngoma yake mchana akaridhika aliweza kuikuta usiku, katika ukumbi uliojaa watu, inalia kama debe lililojaa mchanga.

Tena palikuwa na shida ya mguu. Katika kumbi za maonyesho mpigaji mmoja alitakiwa kupiga ngoma kubwa na ndogo pamoja. Wengi waliziweka karibu karibu wakazipiga zote mbili kwa fimbo zile zile, wakiruka kutoka huku kwenda huku. Pedali za kupigia ngoma kubwa kwa mguu zilikuwapo, lakini zilikuwa nzito na za polepole, hali muziki wa regitaimu uliokuwa ukivuma wakati huo ulikwenda mbio. Ludwig akakaa chini akajitengenezea pedali ya mbao, fupi na nyepesi, ambayo mguu wake uliweza kuiendesha kwa kasi aliyoitaka. Shemeji yake, Robert Danly, aliyekuwa fundi mitambo, akamsaidia kuifanya ya chuma. Wapigaji wengine walipoiona waliitaka, na mwaka 1909 William na mdogo wake Theobald, naye pia mpigaji wa ngoma, wakaanzisha kampuni wakaiita Ludwig & Ludwig.

Haukupita muda mrefu ndugu hawa wakaugeukia mzinga wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 walianza kutengeneza ngoma ndogo zenye mzinga wa shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Faida zake zilikuwa mbili. Shaba hainywi maji, kwa hiyo mzinga haupindi. Hata ngozi ikilegea, mpigaji anajua kwamba duara lake ni lile lile la jana. Tena sauti ya mzinga wa metali ni kali na yenye kung'aa, hupenya katikati ya tarumbeta ikafika kiti cha nyuma. Zamani hizo hapakuwa na vipaza sauti, na mpigaji aliishi kwa nguvu ya ngoma yake.

Hapa lazima nieleze kidogo habari za ufundi, maana ndizo kiini cha makala haya. Njia iliyo rahisi ya kufanya mzinga wa metali ni kuchukua bamba refu, kulikunja likawa duara, na kuzilehemu ncha zake mbili zilipokutana. Njia hii ina udhaifu mmoja: mahali pa mshono ni pagumu kuliko pengine, na fundi asipokuwa mwangalifu duara halikai sawasawa. Katika miaka ya 1920 ngoma za shaba za Ludwig zilizosifiwa sana zilifanywa kwa njia nyingine. Mzinga ulikuwa wa vipande viwili. Cha juu kilifinyangwa peke yake na cha chini peke yake, kama sufuria mbili zisizo na matako, kisha vikakutanishwa katikati na kulehemiwa. Mahali pa kiungo pakafanywa tuta dogo linalozunguka ngoma nzima. Tuta hilo si pambo tu. Litazameni bati la paa: mikunjo yake ndiyo inayolipa nguvu, na bati lisilo na mikunjo hulegea upesi. Kadhalika tuta lile huufanya mzinga mwembamba ustahimili mkazo wa ngozi mbili bila kupoteza umbo lake. Midomo ya mzinga, juu na chini, ilikunjwa kuelekea ndani ili ngozi ikae juu ya ukingo laini usioikata, na upande wa chini yakafanywa mabonde mawili madogo, kila moja mahali nyaya zinapopita.

Pete nazo zilibadilika. Badala ya mbao zikawa za metali, zimekunjwa ukingo mara moja na kushikwa kwa ndoano. Baadaye zilikuja pete zilizokunjwa mara tatu, zenye matundu ya kupitishia skrubu zenyewe, wala hazikuhitaji ndoano tena. Ukingo wake wa juu umelala nje, haukati fimbo, na mpigaji akiugonga pamoja na ngozi hupata ule mlio unaofanana na mlio wa bunduki.

Katika ngoma hizo za miaka ya 1920 iliyo maarufu kuliko zote ni ile ambayo wapigaji wameizoea kwa jina la Black Beauty. Mzinga wake wa shaba ulivikwa nikeli nyeusi, kisha fundi akaichora kwa mkono maua na majani kwa kukwangua ule weusi mpaka shaba ikaonekana chini yake iking'aa kama dhahabu. Leo watu wanaohifadhi vyombo vya kale huzitafuta kwa bei kubwa. Siku zile zilikuwa vyombo vya kazi, zikibebwa usiku kwa usiku kutoka dansi hata dansi.

Lakini Theobald hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1918, wakati wa ile homa kuu ya mafua iliyoua mamilioni ya watu duniani, akiwa bado kijana. William akabaki na kampuni yenye majina mawili na mtu mmoja. Aliendelea peke yake, na kampuni ikakua. Miaka ya 1920 ikafika hata kutengeneza banjo. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Mwaka 1927 filamu zenye sauti zilianza kuvuma. Mpaka hapo kila jumba la sinema lenye heshima yake lilikuwa na wapigaji waliofuatisha filamu bubu kwa muziki na vishindo, na watu hao ndio waliokuwa wanunuzi wa ngoma. Sasa filamu zikaja na sauti yake ndani, na maelfu ya wanamuziki wakapoteza kazi. Kisha mwaka 1929 soko la hisa la New York likaanguka. Mwaka huo huo Ludwig aliiuza kampuni kwa C.G. Conn, watengenezaji wakubwa wa vyombo vya muziki wa mji wa Elkhart, jimbo la Indiana. Kiwanda kikahamishiwa huko, naye akaenda pamoja nacho kama mwajiriwa.

Wasomaji wengi wa jarida hili wamefanya kazi katika ofisi za watu, wanajua maana ya kuwa mgeni katika jambo ulilolianzisha mwenyewe. Hata hivyo Ludwig hakukaa kinyonge. Mwaka 1933 wapigaji 13, naye akiwa mmoja wao, walikutana Chicago wakaanzisha chama cha kulinda mafunzo ya msingi ya ngoma. Chama hicho kiliteua mapigo 13 ambayo mtu alipaswa kuyapiga mbele ya mjumbe kabla ya kukubaliwa kuwa mwanachama. Sisi tuliosimamishwa uani tukipiga mkono wa kulia, kulia, kushoto, kushoto, mpaka mikono ikafa ganzi, tulikuwa tukila chakula cha meza ile bila kujua mpishi wake.

Mwaka 1936 Ludwig aliacha kazi kwa Conn, na mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 58, akaanza tena Chicago, pamoja na mwanawe aliyeitwa kwa jina lake. Hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Alipouza kampuni alikuwa ameuza na jina. Conn waliendelea kutengeneza ngoma zilizoandikwa Ludwig, na Ludwig mwenyewe hakuweza kuziandika zake hivyo. Akatumia herufi tatu za mwanzo wa majina yake, WFL. Mtu aliyejulikana kwa kila mpigaji wa Marekani ikambidi aeleze upya yeye ni nani. Silaha yake ya kwanza ilikuwa ile ile ya ujana wake, pedali: mwaka huo huo wa 1937 alitoa ile iitwayo Speed King.

Nyakati hizo mzinga wa metali haukuwa na bahati. Muziki wa swingi ulitaka ngoma za mbao, na mpigaji mashuhuri Gene Krupa alikuwa amezipa sifa ngoma za mbao za washindani wake, Slingerland. Kisha ikaja vita. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilizuia metali isitumike ovyo katika bidhaa za raia, na katika ngoma ikaruhusiwa sehemu 10 tu katika 100 za uzito wake. Watengenezaji wakalazimika kufanya kwa mbao hata masikio ya kukazia skrubu. Mtu aliyekuwa ameitoa ngoma katika mbao akaiingiza katika shaba sasa alirudishwa nyuma kupita pale alipoanzia. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kiwanda hakikufungwa.

Mwaka 1955 Conn walipokuwa wakiachana na biashara ya ngoma, Ludwig na mwanawe walilinunua tena jina lao. Hesabu ni rahisi: miaka 26 tangu aliuze. Mzee alikuwa na umri wa miaka 76. Nimewahi kuwaza alijisikiaje alipoiona ngoma ya kwanza ikitoka kiwandani kwake na jina la Ludwig ubavuni, lakini hilo sina haki ya kuwaandikieni kama habari. Tunachokijua ni alichokifanya baadaye.

Kuelekea mwaka 1960 kampuni ilitoa ngoma ya metali iliyofuata umbo la zile za miaka ya 1920, yenye tuta katikati, upana wa inchi 14 na kina cha inchi 5, na skrubu 10 kila upande. Mizinga ya mwanzo ilikuwa ya shaba iliyovikwa kromu. Mwaka 1963 hivi shaba ikaachwa, ikatumika alumini, jamaa ya metali ya masufuria yetu ya jikoni. Alumini ni nyepesi, haina gharama kubwa, na hufinyangika kwa urahisi; kwa hiyo mzinga uliweza kufanywa kwa kipande kimoja kisicho na mshono popote. Ngoma hiyo ndiyo iitwayo Supraphonic. Ilikuwa na kasoro moja iliyojulikana na kila aliyeimiliki: kromu haishiki vizuri juu ya alumini, hivyo baada ya miaka hutoa vipele na kubanduka. Lakini mlio wake, mkavu na wa haraka, uliwapendeza watu wa studio, na inasemekana hakuna ngoma ndogo iliyosikika katika santuri nyingi kuliko hiyo. John Bonham wa kundi la Led Zeppelin alipiga ile yenye kina cha inchi 6 na nusu, na waliosikia santuri zake wanajua kishindo ninachokisema.

Tarehe 9 Februari 1964 kundi la Beatles lilionekana katika televisheni ya Marekani. Ngoma kubwa ya Ringo Starr iliandikwa Ludwig, na mamilioni ya vijana wakalisoma jina hilo usiku mmoja. Maagizo yakafurika kiwandani. Ngoma ndogo ya Ringo ilikuwa ya mbao, lakini mwezi wa Septemba mwaka ule, Beatles walipofika Chicago, Ludwig mwana alimzawadia ngoma ya metali iliyovikwa dhahabu. Jina lililokuwa limepotea kwa miaka 26 sasa lilijulikana duniani kote, na mzee aliyelizaa alikuwa hai, mwenye umri wa miaka 85.

William Ludwig alifariki mwaka 1973. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 kampuni ilianza kutengeneza tena ile ngoma nyeusi ya shaba. Mwaka 1981 mwanawe aliiuza kampuni kwa Selmer, na mwaka 1984 kiwanda kikahamishiwa Monroe, jimbo la North Carolina. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Selmer na Conn zikaunganishwa, na majina mawili yaliyoachana mwaka 1955 yakajikuta tena chini ya paa moja. Dunia ni duara kama mzinga wa ngoma.

Sasa nirudi stoo. Vijana mlioko madarasani, nataka mfanye jaribio dogo. Chukueni sumaku katika maabara ya fizikia mwende mkaijaribu kwenye mizinga ya ngoma zile, wala si kwenye pete, maana pete mara nyingi ni za chuma. Sumaku ikinasa, mzinga ni wa chuma. Isiponasa, huenda ni shaba au alumini. Penye mkwaruzo, tazameni rangi iliyo chini ya kromu: ya manjano ni shaba, nyeupe ni alumini. Kisha pitisheni kidole ndani ya mzinga, polepole, duara zima. Siku ile wenzangu walipokuwa wakipanga bei, mimi nilifanya hivyo. Katika ngoma ya kwanza kidole changu kilikutana na mshono wa lehemu kutoka juu hadi chini. Katika ya pili, yenye tuta katikati, kilizunguka kikarudi kilipoanzia bila kukutana na kitu. Nani alizitengeneza sijui, wala sidai kwamba zilitoka kwa Ludwig. Lakini njia mbili za kufanya mzinga nilizozieleza hapa, ya kukunja bamba na ya kulifinyanga, zimo stoo kwetu, zimekaa rafu moja.

Mnunuzi wa vyuma chakavu atazipima kwa kilo, na ngoma ni vitu vyepesi. Fedha itakayopatikana haitanunua hata jozi ya ngozi mpya. Kwa upande mwingine, ngozi za plastiki, nyaya na skrubu chache, pamoja na mikono ya vijana wetu, zaweza kuzirudisha uani zikalia. Wale wa mapigo 13 wanaweza kuanzia hapo hapo.

Hoja itakapoletwa mkutanoni nitasimama upande wa kuzitengeneza, na nimekwisha kuweka akiba ya ngozi moja. Anayetaka kuchangia ya pili anione kabla ya chakula cha mchana.